Je, Wajua? Damu Katika Mkojo Si Kichocho Tu
Kichocho cha mifereji ya mpunga ya Mwea, inayolishwa na mito Thiba na Nyamindi kutoka Mlima Kenya, ni cha matumbo, ilhali kile cha kibofu, kinachoyatia wekundu matone ya mwisho ya mkojo, hupatikana zaidi Pwani. Kwa hiyo mzee wa Nyeri, mbali na Pwani, anayekojoa damu, ambaye tezi dume iliyo shingoni mwa kibofu imetanuka ikauzuia mkojo usitoke wote, huenda ana mawe, yaani chumvi za mkojo uliolala zilizogandamana. Daktari huyavunjavunja kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo, lakini tezi isipotibiwa, mawe hurudi. Damu isiyo na maumivu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani yaweza kuwa saratani.