Sheria Isiyotungwa na Bunge

Mwezi Mei 1987 masikio ya watu wengi wa Afrika Mashariki yalielekezwa Nairobi. Wakili mashuhuri wa mji huo, S. M. Otieno, alikuwa amefariki dunia tangu tarehe 20 Desemba 1986, na maiti yake ilikuwa ingali haijazikwa. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu kwa kuzaliwa, alitaka kumzika shambani kwao upande wa Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Waluo, ulishikilia kwamba sharti arudishwe Nyalgunga, wilayani Siaya. Katika vitabu vya sheria za nchi hapakuonekana kifungu kilichotamka waziwazi ni nani mwenye haki ya kumzika. Bunge lilikuwa halijasema neno, na hata hivyo majaji walilazimika kutoa hukumu.

Mambo kama hayo ndiyo yanayodhihirisha tofauti ya aina mbili za sheria zinazotumika katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Sheria iliyotungwa na Bunge ina jina lake, vifungu vyake na siku yake ya kuanza kutumika. Raia aweza kuinunua na kuisoma. Ya pili ni ile ambayo kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa sheria ya kawaida. Jina hilo huwapotosha wengi, wakadhani kwamba maana yake ni mila na desturi za makabila. Sivyo. Chimbuko lake ni Uingereza ya karne ya 12, ambako majaji wa mfalme walizunguka majimboni wakiamua mashauri, na hukumu zao zikalinganishwa hata zikawa sheria moja ya nchi nzima. Huenda ingefaa zaidi kuitwa sheria ya wote.

Namna inavyokua huonekana katika shauri lililoanzia mjini Paisley, Scotland, mwaka 1928. Bibi May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, katika chupa isiyoonyesha kilichomo ndani. Alidai kwamba humo mlitoka mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Kwa kuwa hakulipa yeye, hakuwa na mapatano na mwuzaji wala na mtengenezaji, na hapakuwa na sheria ya Bunge ya kumwokoa. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji wa bidhaa anao wajibu wa kumwangalia yule atakayeitumia. Konokono mwenyewe hakupata kuthibitishwa mahakamani. Lakini kutokana na hukumu hiyo mtu aliyeumizwa kwa uzembe, awe Mombasa au Mwanza, aweza leo kudai fidia.

Sheria hiyo iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa ukoloni, na kila nchi iliwekewa tarehe yake: Kenya 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Iliingia kwa sharti kwamba itumike kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake itakavyoruhusu. Tena, popote Bunge linapotunga sheria juu ya jambo fulani, hukumu za zamani zinazopingana nayo hunyamaza.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1967 kuhusu mahakama ilitanguliza Katiba na sheria zilizoandikwa, ikaifuatisha sheria ya kawaida, kisha ikaagiza kwamba katika mashauri ya madai mahakama ziongozwe na mila za Kiafrika, mradi mila hizo hazipingani na haki, maadili wala sheria iliyoandikwa. Upande wa mjane ulieleza kwamba marehemu aliishi maisha ya mjini na alifunga ndoa mwaka 1963 chini ya sheria iliyoandikwa. Kwa hiyo mila za kabila hazikumhusu, na mjane ndiye aliyestahili. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo, ikasema kwamba Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei.

Wanaoisifu sheria ya majaji husema kwamba haingoji kikao cha Bunge, na ni kweli. Lakini mjane huyo hakuweza kuisoma sheria iliyomhusu kabla ya kufika mahakamani. Aliijua siku ya hukumu. Huo ni mzigo mzito kwa raia, na wa kulaumiwa ni Bunge lililonyamaza zaidi kuliko majaji. Nao majaji hawakusimama hapo: mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri jingine la maziko, ilitanguliza ukaribu wa ndoa. Katiba ya zamani ilikuwa imeruhusu sheria zenye kubagua katika mambo ya maziko. Ruhusa hiyo haimo katika Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010.