Ugumu wa Sumaku: Istilahi na Maana Yake katika Aloi za Chuma na Elementi Adimu

Fundi wa redio wa komini ya Kenya, Lubumbashi, akiiangusha sakafuni sumaku ya spika, iwe ya feriti nyeusi au ya aloi ya neodimi, huiona ikipasuka kama kigae. Hata hivyo wanafizikia huiita “sumaku ngumu”. Istilahi hiyo ilizaliwa zama za feleji: chuma laini kilipoteza usumaku upesi, ilhali feleji iliyochomwa kisha ikazimwa majini iliudumisha. Sifa mbili zikapewa jina moja. Maana iliyobaki leo ni uwezo wa sumaku kuukataa uga wa kinyume unaotaka kuugeuza usumaku wake. Kwa Kiswahili, “ushupavu” ungefaa zaidi.

Katanga inahusika na habari hii. Waasi walipoivamia Kolwezi Mei 1978, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa, na sumaku bora za wakati huo zilikuwa za samari na kobalti. Watafiti wakaongeza juhudi za kutafuta aloi isiyohitaji kobalti. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa Sumitomo na John Croat wa General Motors, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza aloi ya neodimi, chuma na boroni.

Fuwele ya aloi hiyo ina mhimili mmoja ambao usumaku hupenda kuufuata. Lakini kemia pekee haitoshi. Aloi ikiachwa ipoe polepole, hutoa punje kubwa zenye usumaku unaogeuzwa kwa urahisi. Sagawa aliisaga iwe unga, akaupanga unga huo katika uga wa sumaku, akaushindilia na kuuchoma pasipo kuuyeyusha wote. Zikapatikana punje za mikroni chache, kila moja ikizungukwa na utando mwembamba wenye neodimi nyingi. Mgeuko wa usumaku huanzia penye dosari, aghalabu kwenye kingo za punje. Utando huo huuzuia usivuke, kama ukuta unavyozuia moto wa nyumba usifike kwa jirani. Croat alimimina aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu baridi linalozunguka kasi, akapata punje za makumi ya nanomita tu.

Udhaifu wake ni joto. Kwenye nyuzi 312 hivi za Selsiasi usumaku hutoweka, na ushupavu hudhoofika mapema zaidi. Kwa mota zinazopata joto kali huongezwa disprosi, hasa kwenye kingo za punje. Na ili kukipandisha kiwango hicho cha 312, sehemu ya chuma hubadilishwa kwa kobalti, ile ile iliyokuwa ikikwepwa.