Mnara Usio na Msikiti: Kuizuru Miji ya Kale ya Hungaria kwa Kamera

Mjini Eger, kaskazini mashariki mwa Hungaria, umesimama mnara wa adhana wenye urefu wa mita 40, na pembeni yake hakuna msikiti. Msikiti ulibomolewa mwaka 1841. Mnara ukaachwa peke yake, mwembamba, katikati ya nyumba za watu wanaokwenda kanisani. Mimi sijawahi kukanyaga Ulaya, lakini mji huo naufahamu wakati wa theluji na wakati wa jua kali, kwa sababu kuna kamera mubashara zinazoutazama usiku na mchana, na yeyote mwenye simu na bando anaruhusiwa kuchungulia.

Watu huniuliza: Mwalimu, kwa nini Hungaria, isiwe Paris au London? Sababu yangu ni ya kizee. Nilifundisha jiografia hapa Tanga tangu enzi za ramani zilizoandikwa Ziwa Rudolf pale ambapo leo pameandikwa Turkana. Jina hilo la zamani lilitolewa mwaka 1888 na Samuel Teleki, mwungwana wa Kihungaria, ambaye msafara wake ulianzia jirani zetu Pangani, ukiongozwa na mfanyabiashara Mswahili aitwaye Jumbe Kimemeta. Wao walikuja kutazama kwetu bila kualikwa. Nami nikaona si vibaya nikitazama kwao.

Kamera zenyewe ni za namna mbili. Kuna zinazorusha video mfululizo, na hizo hula bando kama moto wa makumbi. Nyingine hupiga picha moja na kuibadilisha kila baada ya dakika chache. Hizo ndizo za mstaafu. Huwekwa na halmashauri za miji, wenye hoteli, na watabiri wa hali ya hewa. Tovuti ya Időkép, maarufu sana kule kwa utabiri, ina kamera nchi nzima. Kwenye Ziwa Balaton zina kazi ya maana kabisa: ziwa lina urefu wa takriban kilomita 77 lakini kina chake ni kifupi, hivyo upepo ukibadilika mawimbi huinuka haraka, na mwenye mashua ni heri atazame kabla ya kutweka tanga.

Lakini kamera haisemi kitu. Nyingi hazina hata sauti. Ukifungua Eger bila kusoma chochote, utaona uwanja uliosakafiwa kwa mawe, kanisa lenye minara miwili, sanamu, na watu wakipita na miavuli. Dakika mbili umechoka. Soma kwanza, kisha fungua. Sanamu ile ni ya István Dobó, na ngome iliyo juu ya kilima ndiyo aliyoilinda mwaka 1552, akiwa na watu wapatao 2,000, wakiwemo wanawake, dhidi ya jeshi kubwa la Waturuki wa Othmani. Jeshi likarudi mikono mitupu. Mwaka 1596 Waturuki walirudi tena, safari hii wakauteka mji, wakakaa hadi 1687. Katika miaka hiyo ya utawala wao ndipo ulipojengwa ule mnara. Mwandishi Géza Gárdonyi akaitungia riwaya habari ya 1552, na kaburi lake limo ndani ya ngome hiyohiyo. Ukishayajua haya, kila mtoto anayekatiza uwanja na mkoba wa shule unamtazama kwa jicho jingine.

Pécs, upande wa kusini, mambo yalikwenda kinyume: mnara ndio ulioondoka, jengo likabaki. Msikiti wa Kasim Pasha, wa karne ya 16, ungali katika uwanja mkuu wa Széchenyi. Leo ni kanisa Katoliki, na juu ya kuba lake hilali na msalaba vimesimama pamoja. Mihrabu ingali ndani. Rafiki yangu mmoja, tunayeswali naye Ijumaa, nilipomwonyesha alikunja uso. Mimi nasema afadhali hivyo kuliko kifusi.

Esztergom ninaufungua mvua zikizidi Ulaya ya kati, kwa ajili ya mto. Chini ya kanisa kuu lenye kuba la kijani, Danube ndiyo mpaka na Slovakia. Daraja la Mária Valéria lililipuliwa mwaka 1944, likafunguliwa tena 2001. Kwa miaka hiyo yote watu wa kando mbili walikuwa wakitazamana tu. Septemba 2024 mto ulipofurika, jijini Budapest barabara za ukingoni zilizama. Katika picha za namna hiyo, usitazame maji. Tazama nguzo za taa, uone zimebakiza kiasi gani. Hapo ndipo utakapopima kina.

Kuhusu faragha, nimejiuliza pia. Kamera nyingi zimewekwa juu sana, sura hazitambuliki. Ukikuta iliyoelekezwa dirishani kwa mtu, ifunge.

Jambo la mwisho ni saa. Hungaria iko nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto, na saa mbili majira ya baridi. Mwezi Desemba jua lao huzama kabla ya saa kumi jioni, yaani wakati sisi huku tunakaribia magharibi. Kwa hiyo ukitaka kuanza, andika jina la mji pamoja na neno webkamera, chagua picha zinazobadilika badala ya video, na ufungue mchana wetu. Anza na Eger. Ukiufungua usiku utaona taa za barabarani tu.