Askari wa kidole avikwe rangi za Kililana

JE, msomaji, umewahi kumtazama kinyonga akipanda mti? Sasa hivi unamwona, ukigeuza shingo kidogo amekupotea. Askari wa siku hizi huvaa sare za mabaka kwa sababu iyo hiyo. Anataka macho ya adui yampite.

Wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao hupitisha saa zao za mapumziko wakipaka rangi vijisanamu vya askari. Kijisanamu cha kipimo cha 1 kwa 35 kina urefu wa sentimita 5 hivi, na cha 1 kwa 72 hakizidi sana sentimita mbili, yaani ukubwa wa kiungo cha kidole. Kupaka suruali ya kaki ni kazi rahisi. Kupaka mabaka ndiyo kazi inayowatoa watu jasho.

Kazi ndogo ndogo za mkono si ngeni kwa watu wa Lamu. Mafundi wa huko hutengeneza vijahazi vya mbao vyenye tanga, kamba na jicho lililochorwa kwenye omo. Mkono unaoweza kuchora jicho hilo unaweza pia kumvisha askari wa kidole.

Mabaka yalitoka wapi?

Zamani askari walivaa ili waonekane. Ufaransa iliingia vitani mwaka 1914 askari wake wakiwa na suruali nyekundu, na bunduki za kisasa zikawafyeka. Mwaka 1915 jeshi hilo likaunda kikosi cha wachoraji, kazi yao ikiwa kuficha mizinga na vituo vya vita kwa rangi. Italia ikafuata mwaka 1929 kwa kuchapa kitambaa cha mabaka, nacho kikatumiwa kwanza kwa mahema. Katika miaka ya 1960 Uingereza ikatoa mtindo wa rangi nne: mchanga, kijani, kahawia na nyeusi. Majeshi mengi ya Afrika yaliuiga mtindo huo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kila mabaka yalitengenezwa kwa ajili ya mahali fulani. Yaliyokusudiwa msitu wa Ulaya hayafai jangwani.

Tazama nchi kwanza

Chukua mfano wa Kililana, kule Lamu bara. Ukitaka kumsimamisha askari wako katika mandhari ya huko, weka brashi chini kwanza utoke nje. Wakati wa masika vichaka ni kijani kibichi. Kiangazi kikiingia, majani hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Mikoko ya pwani ina kijani kizito, na matope chini yake ni ya kijivu.

Nchi nayo hubadilika. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa huko Machi 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Palipokuwa na kichaka sasa pana saruji, na askari wa kijani akisimama juu ya saruji nyeupe huonekana kutoka mbali.

Namna ya kupaka

Osha kijisanamu kwa maji na sabuni, kikauke. Kipake rangi ya msingi ya kijivu, kisha rangi ya mchanga mwili mzima wa sare. Ongeza mabaka ya kijani, halafu ya kahawia, na mwisho michirizi michache ya nyeusi. Acha kila rangi ikauke kabla ya kuweka nyingine.

Kosa la wengi ni kupaka mabaka makubwa mno, hata askari akafanana na ng'ombe. Piga hesabu. Baka la sentimita 14 kwenye shati la kweli huwa milimita 4 tu kwenye kipimo cha 1 kwa 35, na milimita 2 kwenye 1 kwa 72. Tumia brashi nyembamba kabisa au kijiti cha meno.

Pia usitumie rangi kali kama zilivyo kwenye kitambaa. Kijisanamu cha sentimita 5 ukikishika sentimita 30 kutoka machoni, huonekana kama mtu aliye mita 10 na zaidi, na umbali hufifisha rangi. Changanya kila rangi na nyeupe kidogo. Mwishowe tiririsha kahawia nyepesi kwenye mikunjo ya nguo, ndipo askari aonekane ana mwili ndani ya shati.

Ukitaka kumpaka babu yako aliyekuwa keya, usimpe mabaka hata kidogo. Askari wa KAR waliopigana Uhabeshi mwaka 1941 walivaa kaki. Wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliokwenda Burma mwaka 1944 walivaa kijani kitupu na kofia pana.

Neno kwa wazazi

Kwa watu wa Lamu bara, nguo za mabaka si jambo la kuchezea ovyo. Mpeketoni ilivamiwa Juni 2014, na Hindi, jirani ya Kililana, Julai mwaka huo. Mwaka 2015 operesheni ya kijeshi ilianza katika msitu wa Boni. Mtoto aliyekulia huko huenda akaiona sare akafurahi, au akaiona akanyamaza. Usimlazimishe. Keti naye, umuulize askari huyu anakwenda wapi na anamlinda nani. Wakati mwingine mtoto husema huku mikono ikiwa na kazi yale asiyoyasema akitazamwa usoni.

Mweleze pia kwamba sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo. Mabaka yaishie kwenye kijisanamu, yasifike kwenye fulana yake.

Mwisho, fungueni madirisha mnapotumia rangi za mafuta. Vijisanamu vya zamani vilivyotengenezwa kwa madini ya risasi visiingie mdomoni, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kazi hii haitaki haraka. Askari mmoja kwa juma anatosha, mradi ukimweka kichakani pako umtafute kidogo kabla ya kumwona.