Je, Wajua? Mapinduzi ya Dunia Yalihesabu kwa Kiswahili

Mgeni akifika hapa kwetu Mtawanya, Kibiti, na kuulizia historia ya delta ya Rufiji, mara nyingi anataka habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamia huko Julai 1915. Leo tuiache ilale matopeni. Tuna habari za watu waliotaka kuipindua dunia nzima, na njia yao ilipita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani.

JE, WAJUA kwamba Shule ya Sekondari Kibiti ilijengwa kwa msaada wa Kuba? Ilikuwa miaka ya 1970. Ruvu nayo, humuhumu mkoani Pwani, ni kazi ya Wakuba haohao. Fidel Castro mwenyewe alikuja Tanzania Machi 1977, akapokewa na Mwalimu Nyerere. Sasa jiulize: kisiwa cha Karibea, chenye sukari na tumbaku, kilifikaje Kibiti?

JE, WAJUA kwamba jibu linaanzia Moshi? Februari 1963, Moshi ilipokea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia, ulioundwa Cairo miaka michache nyuma. Wakuba walikuja kutazama tu. Kabla mkutano haujaisha walikwishajitolea kuwa wenyeji wa mkutano mkubwa zaidi, utakaoingiza na Amerika ya Kilatini. Mabara mawili yawe matatu.

Mkutano huo ulifanyika Havana, 3 hadi 15 Januari 1966, katika hoteli ya Habana Libre. Zamani hoteli hiyo ilikuwa Hilton. Wanamapinduzi wana vituko vyao. Walifika wajumbe zaidi ya 500, na hapo likazaliwa shirika la OSPAAAL, yaani Shirika la Mshikamano wa Watu wa Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini. Mmoja wa waandaaji wakuu hakufika. Mehdi Ben Barka wa Moroko alitekwa Paris tarehe 29 Oktoba 1965, na maiti yake haijaonekana mpaka leo.

JE, WAJUA mwanamapinduzi Che Guevara alikuwa wapi wajumbe wakipiga makofi Havana? Dunia ilikuwa ikimtafuta. Alikuwa Dar es Salaam, amejificha ndani ya ubalozi wa Kuba, anaandika kitabu kuhusu vita alivyoshindwa Kongo.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo Kiswahili kinapoingia.

Che alitua Dar tarehe 19 Aprili 1965, amenyoa ndevu, kavaa miwani, ana pasipoti ya jina la bandia. Yalihitajika majina ya siri kwa ajili ya msituni Kongo. Yeye na wenzake wakafungua kamusi ya Kiswahili, wakaanza kuhesabu. Víctor Dreke akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu. Kamanda mkuu alijiweka wa tatu ili asigundulike. Dreke, mtu mweusi kama karibu Wakuba wote wa msafara ule, ndiye aliyeonekana kuwa mkubwa wao. Daktari wao, Rafael Zerquera, aliitwa Kumi. Usiku wa kuamkia 24 Aprili wakavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Baadaye walifuata wengine, wakafika kiasi cha 120.

(Wapenda mambo haya watagundua kichekesho. Umoja wa kimataifa wa mrengo wa kushoto nao huhesabiwa: wa Kwanza London 1864, wa Tatu Moscow 1919, wa Nne karibu na Paris 1938. Huo wa Tatu, Komintern, ndio uliokuwa na chuo Moscow alikosoma Jomo Kenyatta mwaka 1932 na 1933, akitumia jina la James Joken. Stalin aliuvunja 1943. Kenyatta aliporudi kwao hakuujenga ukomunisti hata siku moja.)

JE, WAJUA ni neno gani la Kiswahili lililomsumbua Che kuliko yote? Dawa.

Wapiganaji wa Kongo walipakwa dawa ya mganga, wakaambiwa risasi haitawapenya. Lakini ilikuwa na miiko: usichukue kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Aliyekufa alikuwa amevunja mwiko, kwa hiyo dawa haikushindwa kamwe. Che, daktari aliyesomea Argentina, aliliandika jambo hili kwa masikitiko. Ningependa kumkalisha kando ya mzee wa Rufiji. Angeambiwa kwamba habari hii si ngeni kwetu: miaka 60 kamili kabla yake, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ngarambe na Mohoro zote ziko Rufiji. Che alitoka ng'ambo ya bahari akakutana na jambo ambalo bonde letu lilikwishalilipia kwa roho za watu.

Turudi Kongo. Tarehe 29 Juni 1965 Wakuba na wenzao walishambulia kituo cha Bendera. Wakuba 4 wakafa, na shajara ya mmoja wao ikaangukia mikononi mwa adui. Siri ikatoka. Laurent Kabila, ambaye ndiye aliyepaswa kuongoza mapambano upande ule, alionekana vitani kwa siku chache tu. Muda mwingi alikuwa huku kwetu, Kigoma na Dar. Novemba mwaka huohuo Wakuba wakavuka ziwa kurudi. Kabila huyohuyo akaja kuwa Rais wa Kongo mwaka 1997. Subira yake ilikuwa kubwa kuliko bidii yake.

JE, WAJUA kwamba Che alikuwa na mwalimu wa Kiswahili? Freddy Ilanga, kijana wa Kongo wa miaka 16. Alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Kwangu mimi huyu ndiye ushindi pekee wa msafara ule.

JE, WAJUA kwamba OSPAAAL ilijulikana zaidi kwa mabango kuliko kwa bunduki? Yalikunjwa na kutiwa ndani ya jarida lake, Tricontinental, yakasambaa duniani yakitetea Vietnam, Msumbiji, Zimbabwe, Palestina. Maandishi ya mabango hayo yalikuwa kwa Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakikuwamo, pamoja na kwamba wapiganaji wa Kuba walikwishakitumia kuitana porini.

Na sisi? Ujamaa wetu haukuletwa na shirika lolote la Havana wala Moscow. Baada ya mafuriko ya 1968, watu wa bondeni Rufiji walihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, ilhali mpunga ulibaki chini kulekule. Kwa hiyo mkulima alihamia kijijini kama alivyoagizwa, na msimu ulipofika akarudi kulala kwenye dungu, kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Hakuna mwananadharia aliyepata kueleza jinsi ya kulinda mpunga ukiwa mbali nao.

OSPAAAL ilifungwa mwaka 2019. Shule ya Kibiti ipo. Msomaji wa Mtawanya, Bungu au Kibiti mjini, kama mzee wako alibeba zege wakati ile shule ikijengwa, au ana picha ya siku zile sandukuni, mkalishe chini akueleze majina ya waliokuwamo pichani, uyaandike nyuma yake kwa kalamu ya wino.