Chuma cha Paja Kinasingiziwa

Swali hili wagonjwa wa mifupa hawaliulizi wakiwa wameketi. Husubiri picha ya eksirei irudi kwenye bahasha, hushika magongo yao, na wakifika mlangoni ndipo hugeuka: "Daktari, na yale mambo ya nyumbani je?"

Mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Mfupa umeunga, anatembea, ila jogoo hawiki. Mtaani ameshaambiwa kwamba chuma alichowekewa kinanyonya nguvu za kiume, na amekuja kuomba kitolewe. Namkatalia. Chuma hicho kimelala ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, mbali na neva na mishipa ya damu ya uume. Kikitolewa kwa sababu hiyo, atapata kovu la pili na shida yake atarudi nayo nyumbani.

Lakini chumba cha upasuaji hakiko safi kabisa katika kesi hii. Upasuaji mwingine wa paja na nyonga hufanyiwa kwenye meza ya kuvutia: miguu hufungwa na kuvutwa ili mfupa unyooke, na ili mwili usiufuate mguu, nguzo husimamishwa katikati ya mapaja. Nguzo hiyo hugandamiza msamba, mahali inapopita neva ya pudenda, ambayo mizizi yake hutoka kwenye uti wa mgongo upande wa chini kabisa (S2 hadi S4). Hiyo ndiyo inayobeba hisia za sehemu za siri, za wanaume na za wanawake. Ikibanwa dhidi ya mfupa wa kinena, mgonjwa huamka na ganzi, na mwanamume anaweza kukosa kusimamisha. Hatari huongezeka kadiri mguu unavyovutwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, au nguzo ikiwa nyembamba na sponji yake imechakaa. Ahueni ni kwamba kwa kawaida neva imebanwa tu, haikukatika, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache.

Kwetu Tanzania kuna jambo linalonifurahisha. Chuma cha SIGN, kutoka shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, kimetumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kilibuniwa kwa ajili ya hospitali ambazo hazina mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na huwekwa bila kuhitaji meza ile. Nguzo haipo, kwa hiyo haiwezi kushtakiwa. Mgonjwa wa chuma hicho akilalamika, natafuta mkosaji kwingine.

Kwanza natazama nyonga. Ajali inayovunja paja inaweza pia kupasua pete ya nyonga na kujeruhi neva, mishipa ya damu au njia ya mkojo. Damu ikionekana kwenye tundu la uume baada ya ajali, mpira wa mkojo usisukumwe kwa nguvu. Bora mkojo upitishiwe tumboni kwanza. Hapa tatizo huwa zito, na uponyaji unaweza kuchukua hata mwaka au zaidi.

Kisha naulizia dawa. Tramadol ikitumiwa kwa miezi hushusha homoni ya kiume, na amitriptilini tunayoitoa kwa maumivu ya neva inaweza kupunguza hamu. Yapo pia maumivu yenyewe, deni la pikipiki, na woga wa kuuvunja mguu upya. Kwa hiyo namuuliza kama uume husimama alfajiri. Ukisimama, mitambo inafanya kazi, na kizuizi huenda kiko kichwani. Vidonge vya nguvu za kiume asinunue kiholela, hasa akiwa anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti: vikikutana, presha huporomoka hadi kuua.

Dalili moja haingoji kliniki. Aliyeumia mgongo akipata ganzi ya msamba na mkojo ukagoma kutoka, akimbizwe hospitali siku hiyohiyo.

Waliobadilishiwa nyonga nao wana haki ya kujibiwa waziwazi. Wengi hurudi kwenye tendo la ndoa baada ya wiki 6 hivi, daktari wao akiridhia. Kulala chali ndiko salama zaidi, mwenzake akifanya kazi kubwa. Aliyepasuliwa kwa nyuma asikunje nyonga kupita pembe mraba wala kuligeuzia goti ndani.

Wanawake ndio tunaowasahau. Hata mlangoni hawageuki. Baada ya kuvunjika nyonga, mwanamke anaweza kuumia kila akikutana na mumewe, akavumilia kwa miaka kana kwamba ndiyo hali yake mpya, ilhali mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kumsaidia kulegeza misuli ya nyonga iliyokakamaa. Akishika mimba, huambiwa kwamba mwenye vyuma lazima azae kwa kisu. Si lazima, wapo wengi wanaojifungua kwa njia ya kawaida, ikitegemea nyonga iliunga vipi na vyuma vimekaa wapi. Picha yake ya eksirei aipeleke kliniki ya wajawazito mapema, asingoje siku ya uchungu.