Karai la Kichina kwenye mpaka wa Gisenyi

Saa sita mchana, barabara inayotoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, hunukia mawese, maharage na samaki wa kukaanga. Wachuuzi waliovuka kwenda Goma alfajiri wakiwa na beseni za nyanya kichwani wanarudi na beseni tupu, na njaa. Wanaingia kwenye resitora za melanje, mlo wa mchana unaojulikana Rwanda nzima: unalipa mara moja, unapewa sahani, unajipakulia wali, viazi, ndizi, sombe, maharage na tambi kadiri mkono wako unavyojua kupanga, kisha mwenye jiko anakuwekea kipande kimoja cha nyama. Faida kwa kila sahani ni ndogo, kwa hiyo mwenye resitora anategemea wingi wa sahani.

Mimi nakipenda chakula cha Kichina. Nimekila Nairobi, nimekila Dar es Salaam, na kila ninaporudi ukingo huu wa Ziwa Kivu najiuliza kama karai la Kichina linaweza kusimama hapa kama biashara. Nazungumzia chakula chenyewe: mboga zilizopita kwenye moto mkali kwa dakika mbili zikabaki na ukakamavu wake, wali wa kukaanga uliochanganywa na yai, samaki mzima aliyeiva kwa mvuke akiwa na tangawizi na majani ya vitunguu, sahani zote katikati ya meza na kila mtu akichota. Gisenyi haina mtaa wa Wachina. Ila mtaa wa namna hiyo una historia yake ya kibiashara, na mfanyabiashara wa Rubavu, wilaya yetu, akiisoma vizuri atajua aanzie wapi.

Wengi hudhani kwamba palipo na Wachina wengi, mikahawa yao hufuata yenyewe. Reli ya TAZARA inakataa. Kati ya 1970 na 1975 makumi ya maelfu ya Wachina walijenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Waliishi kambini, walilima mboga zao, walipika wenyewe, kazi ilipokwisha wakarudi kwao. Hawakuacha mtaa wa kulia chakula, kwa sababu mtu anayelishwa na kambi hahitaji mkahawa. Ndivyo ilivyo pia kwa makampuni ya barabara ya Kichina yaliyofanya kazi Rwanda tangu miaka ya 1970. Barabara tunazipita kila siku, jiko lao hatulijui.

San Francisco mambo yalikwenda vingine. Wachina walifika California wakati wa dhahabu ya 1849, na mikahawa yao ikaanza kulisha wachimbaji. Kisha chuki ikapanda, na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Wafanyabiashara ndio walioachiwa mlango. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama ukawahesabu wenye mikahawa kuwa wafanyabiashara, na kuanzia hapo jiko likawa njia ya kumleta ndugu kihalali. Watu walichanga mitaji, wakamiliki mkahawa mmoja kwa hisa, wakapokezana umeneja ili kila mmoja apate hadhi iliyotakiwa na sheria. Idadi ya mikahawa ya Kichina katika miji ya Marekani ikapaa. Leo mtu anaona taa nyekundu na kudhani ni mapenzi ya chakula tu. Chini yake kulikuwa na sheria, mtaji wa kuchangishana na hesabu kali.

Tetemeko la ardhi la Aprili 18, 1906, na moto uliofuata, viliuteketeza mtaa wote wa Wachina wa San Francisco. Wakubwa wa jiji walitaka nafasi hiyo itumike kuwahamishia Wachina pembezoni, Hunters Point. Wafanyabiashara wao, akiwemo Look Tin Eli, walikataa. Walijenga upya palepale, na wakawaajiri wasanifu majengo Wazungu waweke mapaa ya pagoda na rangi za kuvutia, ili mgeni aje kutazama, akishatazama ale. Watu waliokuwa wakitukanwa waligeuza jiko lao kuwa sababu ya jiji kuwahitaji. Kwa mji kama wetu, unaolala chini ya volkano ya Nyiragongo na uliotikiswa kwa siku kadhaa baada ya mlipuko wa Mei 22, 2021, habari hiyo ina uzito wake.

Nairobi ilipitia njia nyingine. Makandarasi na wafanyabiashara wa Kichina walipoongezeka kuanzia miaka ya 2000, mikahawa ilifunguliwa Kilimani na Hurlingham, mingine kwa ajili ya Wachina wenyewe. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kilimani ulifungwa na mamlaka baada ya kuripotiwa kwamba Waafrika hawakuruhusiwa kuingia jioni. Ilikuwa aibu, na ilikuwa pia biashara mbovu. Mkahawa unaomkataa jirani yake unajifungia soko kwa mkono wake mwenyewe.

Wateja wa karai la Gisenyi, basi, hawatakuwa Wachina. Watakuwa watu wa hapa na watu wa Goma. Wilaya ya Rubavu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 540,000 katika sensa ya 2022, na upande wa pili wa uzio kuna jiji lenye watu wengi kuliko hao. Kabla ya korona, karibu watu 50,000 walikuwa wakivuka Petite Barrière kwa siku moja. Sijui mpaka mwingine katika eneo letu wa kutembea kwa miguu wenye msongamano kama huo. Lugha si kikwazo pia, maana Kiswahili kinasikika pande zote mbili, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Kikwazo ni saa za mpaka. Anayeweka fedha kwenye chakula hapa lazima ajue kalenda ya mpaka kuliko anavyojua bei ya mchele. Ebola ilipoingia Goma Julai 2019, mpaka ulifungwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa Agosti. Machi 2020 ikaja korona, mpaka ukafungwa kwa wachuuzi, na maelfu ya wanawake walioishi kwa kuvuka wakakaa nyumbani bila mtaji. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi pale Petite Barrière, Kongo ilianza kufunga saa tisa alasiri. Kwa muuza nyanya, saa tisa ilikuwa usumbufu. Kwa mwenye mkahawa ilikuwa msiba, kwa kuwa watu hutumia fedha zaidi jioni: mchana mtu hula ashibe arudi kazini, jioni huketi, huagiza sahani ya pili, hualika rafiki. Chakula cha Kichina, cha kuchangia meza, ni cha jioni.

Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakaitwaa Goma, na benki za jiji hilo zikafungwa. Wenye akaunti wakaanza kuvuka kuja Gisenyi kutoa fedha zao. Ni hali ya huzuni, na sitaki kuifanya neema. Lakini aliyesimama foleni ya benki tangu asubuhi atatafuta pa kula mchana, na wenye resitora karibu na benki hawahitaji kuelezwa hilo.

Tuje kwenye malighafi. Hapa ndipo ninapoiona nguvu ya Gisenyi, na hapa ndipo ningependa wawekezaji wakaze macho.

Kwanza sambaza. Samaki huyu mdogo si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula viumbe wadogo wanaoelea humo. Alizaana hadi akawa nguzo ya uvuvi wa ziwa zima. Anaishi tabaka la juu tu, maana chini maji hayana oksijeni. Jioni utaona mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi ikitoka Rubavu, wavuvi wakiimba kwa mpigo wa makasia. Usiku huwasha taa, samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Asubuhi sambaza wako sokoni, wengine wabichi, wengine wakielekea kwenye jua au kwenye mafuta. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda wa miezi kama miwili ili samaki wakue.

Mpishi wa Kichina hamshangai samaki wa saizi hiyo. Ziwa Taihu la China lina samaki wake wadogo weupe wanaokaangwa na mayai, na watu husafiri kwenda kuwala. Sambaza wanaofaa kwa kitafunwa cha bia kando ya ziwa wanafaa pia kwa karai lenye kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Tofauti ya thamani kati ya sambaza anayeuzwa kwa kipimo sokoni na sambaza anayewekwa mezani kwa sahani ndiyo faida yenyewe, na kwa sasa Gisenyi inaiacha nyingi ipotee.

Udongo wa volkano wa Rubavu unatoa kabichi, karoti, vitunguu na viazi mwaka mzima. Tofu Wanyarwanda wanaijua, wanaichoma kwenye brosheti kama nyama. Uyoga una historia ya Kichina ndani yake: kituo cha kilimo cha Wachina kilichoanza kazi Rubona, wilayani Huye, mwaka 2011 kinafundisha kuotesha uyoga kwa majani badala ya kukata miti. Nyama ya nguruwe, inayoitwa hapa akabenzi, ina wapenzi wake. Mchele unatoka Bugarama na Tanzania. Kinachobaki kuagizwa kutoka mbali ni sosi ya soya, mafuta ya ufuta na viungo vichache.

Pilipili ndiyo haihitaji kuagizwa kabisa. Ukitoka Kigali kuja Gisenyi, mabasi karibu yote husimama Nyirangarama, kwa Sina Gérard, aliyeanza biashara yake mwaka 1983 na baadaye akaipa Rwanda Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotolewa kwa tone kutoka kichupa kidogo. Meza ya Kichina bila mafuta ya pilipili haijakamilika. Sisi tumeshazoea ladha hiyo, na kichupa kiko kwenye kila meza ya resitora ya melanje.

Moto ni jambo jingine. Karai la Kichina halipikiki kwa makaa yanayofifia. Linataka mwali mkali unaopanda na kushuka kwa amri ya mpishi. Mwenye jiko wa Gisenyi leo anachagua kati ya makaa yanayopanda bei na mitungi ya gesi inayotoka nje ya nchi. Wakati huohuo, ziwa lililo mbele ya dirisha lake limeshika kama mita za ujazo bilioni 60 za methani. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianza kutumia gesi hiyo kuchemshia mitambo yake mwaka 1963, ikitolewa Rubona ya hapa Rubavu, kilomita chache kutoka mjini. Mtambo wa Shema Power wa hapahapa Rubavu umejengwa kwa megawati 56 za umeme wa gesi hiyo. Februari 2019 serikali ilitia saini na Gasmeth Energy mkataba wa dola milioni 400 wa kuisafisha na kuishindilia gesi ya Kivu ili ipikiwe. Siku gesi hiyo itakapofika kwenye jiko la resitora kwa bei ya mwananchi, gharama ya kila sahani Gisenyi itabadilika, iwe ya Kichina au ya melanje. Wilaya inapopanga mipango yake ya utalii, ningeomba mtungi wa gesi ya Kivu uwe juu ya orodha kuliko hoteli nyingine ya ghorofa.

Kuna jambo moja linalonisumbua. China tayari iko kwenye sahani zetu, kupitia jokofu. Sato wa kugandishwa kutoka China wamejaa masoko ya Afrika Mashariki, na mwaka 2018 Kenya ilikaribia kuingia ugomvi wa kibiashara na China kwa sababu yao, Rais Uhuru Kenyatta akihoji kwa nini nchi yenye maziwa inaagiza samaki. Kwenye Kivu ufugaji wa sato katika vizimba unakua. Kivu Choice ya Nyamasheke ni mfano. Mkahawa wa Kichina utakaofunguliwa Gisenyi ukinunua sato wa kugandishwa aliyesafiri bahari mbili, utakuwa umefanya dhambi ya kibiashara mbele ya ziwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba biashara hii inawezekana, ila mahali pake si ufukweni kwenye hoteli za wageni wa wikendi, ambako kodi ni kubwa na wateja huja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mahali pake ni barabara za mpakani na za benki, pembeni ya resitora za melanje, kwa bei inayolingana nazo: chumba kimoja, makarai mawili, mpishi mmoja aliyefunzwa na wasaidizi wa hapa, wali wa kukaanga na mboga mchana kwa wenye haraka, meza za kuchangia jioni. Majirani wanne au watano wachange mtaji kama walivyochanga Wachina wa San Francisco, maana mtu mmoja akifungiwa mpaka kwa miezi miwili anafilisika, na watano wanavumilia.

Kwa mamlaka za mpaka za pande zote mbili, ombi ni moja: saa zikipangwa, zitangazwe mapema na zisibadilike bila taarifa. Na kwa anayetaka kuanza: kodi chumba wakati uvuvi umefungwa, bado kodi hazijapanda, funza wapishi wako miezi hiyo miwili, na siku mitumbwi itakaporudi ziwani uwe wa kwanza kwenye mwalo alfajiri kununua sambaza.